Uzi: Tsunami hasa zinatokea wapi, na kwanini ya 2004 iliipiga Somalia ikatupita sisi Unguja na Pemba?

#1 Bint Jambiani
Assalam alaykum jamani. Kuna voisi inazunguka kwenye magrupu ya wasap huku kusini tokea juzi, bwana mmoja anasema bahari ya Jambiani imekauka mpaka mwambani, ni dalili ya tsunami, watu wahame pwani haraka. Mama mkwe wangu ni mtu wa mwani, kaacha kamba zake hataki tena kushuka, na si yeye peke yake. Mtu yeyote wa pwani anajua juzi ilikuwa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, na maji kutoka mpaka mwambani ndo kawaida yake na hizo ndo siku tunazoshukia pweza, kwa hiyo voisi ile mie naiona ya uongo mtupu. Lakini imeniachia swali. Ile ya Disemba 2004 iliua watu karibu mia tatu Somalia, Malindi ya Kenya kafa mtu mmoja, Dar wakafa watoto waliokuwa wanaogelea, sisi tuliokaa nje kabisa baharini tukabaki salama. Kwanini? Na hizi tsunami zinatokea wapi na wapi, zinasababishwa na nini khasa? Wanaojua waje, wasiojua waje pia ila msitutie khofu, inatosha voisi.

#2 Mkojani
W/salam dada. Jibu liko mbele ya macho yako, mwamba. Kuanzia Makunduchi mpaka Matemwe huko, na Pemba mashariki yote, kuna mwamba, wimbi linavunjikia nje, ndani hupati hata la kukulowesha magoti. Tsunami ikija inapasukia kule kule basi. Zanzibar hakuna tsunami, uzi ufungwe.

#3 Chachandu
Loh! Posti ya pili tuu na uzi ushafungwa hahaha. Mkojani yakhe punguza.

#4 Mwalimu wa Chwaka
Tusifunge kwanza. Mie nasomesha jiografia skuli kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Wimbi la kila siku ni kazi ya upepo, na upepo unasukuma maji ya juu tu, ukizamia chini kidogo kumetulia. Tsunami ni maji yote, toka chini mpaka juu, yanasogea kwa pamoja, na ili maji yote yasogee lazima yasukumwe na kitu kikubwa sana, mara nyingi ni sakafu ya bahari yenyewe kupanda au kushuka kwa ghafla. Ardhi imegawika mabamba yanayotembea sentimita chache kwa mwaka. Pale Sumatra, kisiwa cha Indonesia, bamba la India linaingia chini ya jirani yake, lakini haliteremki kwa ulaini, yanashikana, lile la juu linavutwa na kupinda kwa mamia ya miaka. Chukua ufito wa mkoko uupinde kisha uuachie, ndo kilichotokea Jumapili ya tarehe 26 Disemba 2004, saa kumi kasoro dakika mbili alfajiri kwa saa zetu. Pakafumuka urefu wa kama kilomita 1,300, tetemeko la ukubwa wa 9.1, sakafu ikaruka mita kadhaa na maji yaliyo juu yake yakaruka nayo. Walikufa watu kama 230,000 katika nchi 14, Indonesia peke yake zaidi ya 160,000, Sri Lanka kama 35,000.

Kuhusu wapi: karibu asilimia 80 ni Pasifiki, maana bahari ile imezungukwa karibu yote na sehemu za namna hiyo, Japani, Alaska, Chile, Papua. Chile 1960 ilikuwa 9.5, hakuna tetemeko kubwa kuliko hilo lililowahi kupimwa, na wimbi lake likavuka Pasifiki nzima kwenda kuua watu Hawaii na Japani. Atlantiki ni nadra lakini Lisbon iliteketea 1755. Kwenye Bahari ya Hindi wanaziogopa sehemu mbili, Sumatra na Makran, yaani ile pwani ya Pakistan na Iran. Makran ilipiga Novemba 1945, ukubwa 8.1, maji yakafika mpaka Oman. Na ukitizama ramani Makran iko karibu na sisi kuliko Sumatra.

Sasa mwamba wa Mkojani. Wimbi la upepo kutoka mgongo mmoja hadi wa pili ni makumi ya mita, la tsunami ni kilomita mia na zaidi. Mwamba unapunguza nguvu, hilo kweli, lakini hauwezi kuzuia maji yanayokuja moja kwa moja dakika kumi, ishirini, bila kurudi.

#5 Mkojani
Mwalimu nakuheshimu lakini umezunguka dunia nzima hukujibu swali. Kama mwamba haukuzuia basi 2004 kilizuia nini?

#6 Abu Nawfal
Kilizuia Aliyeiumba bahari. Watu wanakimbilia mabamba mabamba, yale mabamba nani anayasogeza? Hizi ni ishara, ufukweni kunafanyika mambo ambayo wazee wetu wangeyaona wangelia. Tumshukuru Mola kwa kutuepusha, tusijidai kuwa ni mwamba.

#7 Chachandu
Sheikh Abu Nawfal maneno yako nayakubali upande wa kushukuru, ila Aceh, kule kaskazini ya Sumatra, ni watu wa dini mno na ndo walioumia kuliko wote, na msikiti mkuu wa pale Banda Aceh ulibaki umesimama na watu wakaokoka kwa kuukimbilia. Kwa hiyo mambo ya nani kaadhibiwa tumuachie Mwenyewe.

#8 Abu Nawfal
Sikusema kaadhibiwa mtu. Nimesema ishara. Soma vizuri.

#9 Nahodha wa Mkoani
Mwalimu kasema vyema lakini kaliacha jambo ambalo baharia yeyote angeliuliza mwanzo, maji siku ile yalikuwaje? Tarehe 26 Disemba 2004 mwezi ulikuwa mpevu, ilikuwa bamvua. Bamvua la kwetu maji yanapwa kama saa nne za asubuhi na kujaa saa kumi za alasiri, tofauti baina ya kupwa na kujaa inafika mita nne. Lile wimbi lilifika mchana, maji bado yanapanda, hata hayajafika nusu au ndo yanafika nusu. Kwa hiyo ukiongeza mita moja juu ya maji hayo bado uko chini ya alama ya kujaa kwa siku hiyo hiyo. Lingekuja saa kumi juu ya bamvua lililojaa tungekuwa tunasimulia mengine, muulize mtu wa Jambiani bamvua la kusi linapofika ukutani mwa nyumba. Mie kwangu sababu ndo hiyo, si mwamba wala nini.

#10 Kijana wa Darajani
Nahodha nakuunga mkono, hata Kenya wanasema ilifika maji yako chini. Halafu Bint Jambiani kuna la kuongeza kwenye posti yako, Tanzania nzima sehemu nyingine wanaandika walikufa 10 na nyengine 13, ila wote wanakubaliana kuwa wengi wao ni watoto wa Dar. Na Kenya kufa mmoja si kwa bahati tuu, habari za Somalia na Shelisheli ziliwahi kufika, polisi wakatoa watu kwenye fukwe za Mombasa.

#11 Ukuta wa Mwezi
Mwezi mpevu, umeona? Mimi siku zote nasema mwezi ndo unaovuta ardhi mpaka inapasuka. Bahari ikivutwa mita nne na ardhi nayo inavutwa. Sayansi hiyo.

#12 Mwalimu wa Chwaka
Ardhi inavutwa kweli kidogo, na wapo wataalamu wanaochunguza kama bamvua linaweza kuchokoza tetemeko lililokwisha iva. Lakini Japani 11 Machi 2011, tetemeko la 9 na kitu, watu zaidi ya elfu kumi na nane wamekufa na kupotea, mwezi ulikuwa mchanga bado, upevu wake ulikuwa tarehe 19. Kwa hiyo mwezi hauwezi kuwa ndo chanzo.

#13 Ukuta wa Mwezi
Mmoja haukuwa mpevu, mangapi mengine yalikuwa mpevu? Hilo hujajibu.

#14 Mtu wa Ramani
Habari zenu. Nimesoma yote, mwamba, maji kupwa, na bado naona mnaacha kubwa zaidi nalo ni uelekeo. Ule ufa wa Sumatra ulikwenda kusini kaskazini, kwa hiyo nguvu ilitupwa ubavuni, mashariki ikapiga Thailand, magharibi ikapiga Sri Lanka na kuendelea Maldivi mpaka Somalia, pale Hafun ilipoingia kama iliyolengwa. Sisi tuko chini zaidi, tukapata pembeni ya nguvu. Halafu baina yetu na Sumatra kuna Shelisheli na tambarare kubwa za chini ya bahari zenye kina kidogo, zinatawanya wimbi. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 6,000. Kwenye kina cha mita 4,000 tsunami inakwenda kama kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege, na meli iliyo juu yake haihisi kitu. Setilaiti moja ilipita juu ya Bahari ya Hindi saa mbili baada ya tetemeko ikapima wimbi kama sentimita 60 tuu. Likifika kina cha mita 50 mwendo unashuka kilomita 80 kwa saa, nyuma bado linasukuma, ndo linaposimama.

#15 Mkojani
Kwa hiyo mara mwezi mara Shelisheli mara pembe. Mie mwamba wangu nauona kwa macho.

#16 Bint Jambiani
Ahsanteni, nasoma kila moja. Mtu wa Ramani nielezee hili basi, ile voisi inasema bahari lazima ikauke kwanza. Ni kweli lazima?

#17 Mtu wa Ramani
Si lazima. Inategemea uko upande gani wa ufa. 2004 upande wa Thailand sakafu ilishuka, maji yakarudi nyuma kwanza, watalii wakateremka kuokota samaki waliobaki mchangani. Kuna mtoto wa kike wa Kiingereza wa miaka kumi, Tilly Smith, alikuwa katoka kusomeshwa darasani kwao, akaona maji yanavyotoa povu akawaambia wazee wake, ufukwe wao ukahamishwa. Lakini upande wetu wa magharibi sakafu ilipanda, maji yakatangulia kuja juu. Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki anayesubiri bahari ikauke ndo akimbie anaweza asiione ikikauka. Na kukauka kwa bamvua ni taratibu, masaa sita, mtu unayafuata maji yanavyotoka. Kwa tsunami ni dakika.

#18 Bi Mkubwa wa Wete
Salamu kwenu wanangu. Mie siku hiyo ya 2004 nilikuwa Mkoani nasubiri mgeni wa boti. Hatukuona wimbi lolote la kutisha, hilo nisiseme uongo. Tulichoona ni maji kuwa hayana adabu, yanapanda mpaka ngazi ya juu, mara yanakimbia dau zikalala ubavu matopeni, kabla hatujamaliza kushangaa yameshanyanyua dau tena. Wachukuzi wakasema mkondo, mzee mmoja akasema hapana, mkondo haurudi mara mbili kwa muda mchache vile. Jioni redio ndo ikatwambia. Na maji yaliendelea hivyo hivyo mpaka magharibi, kwa hiyo wale wanaosema wimbi moja likija limekwisha wasiwadanganye.

#19 Nahodha wa Mkoani
Bi Mkubwa umesema kweli tupu. La kwanza si lazima liwe kubwa.

#20 Kijana wa Darajani
Mnakumbuka 2012? Aprili, siku ya Jumatano, tetemeko la 8.6 hapo hapo Sumatra, tahadhari ikatolewa Bahari ya Hindi yote mpaka huku kwetu. Mie nilikuwa na duka mjini, watu walifunga, wengine wakapanda madaladala kwenda Masingini maana ndo juu kuliko kote Unguja, kama mita 120. Tukasubiri, tukasubiri, hola. Tokea hapo mtu ukimwambia tahadhari anakucheka.

#21 Mwalimu wa Chwaka
Ile haikuwa tahadhari ya uongo Kijana. 8.6 ni kubwa mno, walioitoa walikuwa na haki. Tofauti ni kwamba 2012 mabamba yaliteleza kwa ubavu, moja huku moja kule, sakafu haikupanda sana wala kushuka, maji hayakusukumwa. Ukubwa peke yake hautoshi, muhimu sakafu imekwenda vipi, na hilo halijulikani dakika tano za mwanzo.

#22 Mchungaji Ng'ombe
Mwalimu ila Palu Indonesia, Septemba 2018, ufa ulikuwa wa ubavu na tsunami ilikuja na watu maelfu wakafa kwa jumla. Hapo unasemaje?

#23 Mwalimu wa Chwaka
Palu ni ghuba nyembamba, na kuna maporomoko ya udongo yaliyoteremka ndani ya maji. Wataalamu wenyewe bado wanagawana, wengine wanasema maporomoko, wengine wanasema na sakafu ilishiriki. Swali zuri.

#24 Ghorofa ya Michenzani
Nyie mnazungumza Sumatra, mie nimetikiswa hapa hapa kwetu. Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na robo hivi usiku, niko ghorofani Michenzani natia chai kikombeni, kikombe kikatembea mezani peke yake, chandarua kikawa kinayumba, watoto wa ghorofa ya juu wakashuka ngazi bila viatu. Baadae wakasema tetemeko la 6.0 baharini kusini mashariki ya Dar. Hakukuwa na tsunami, lakini inaonyesha ardhi ya bahari yetu hii hii haijalala. Kwa nini mnaniambia hatari iko mbali kilomita elfu sita?

#25 Mtu wa Ramani
Hilo ndo tetemeko la muhimu kuliko yote kwenye uzi huu. Afrika inapasuka, lile bonde la ufa la bara lina tawi linalopita chini ya bahari yetu kuteremka mpaka upande wa Msumbiji. Sita ni ndogo kwa tsunami, kwa kawaida huanza kuogopwa kuanzia saba na kitu. Na huku mabamba yanaachana, hayabanani kama Sumatra, kwa hiyo 9 hatuitarajii. Lakini ikitokea saba jirani hatutakuwa na masaa tisa ya kujitayarisha kama 2004.

#26 Mngazija wa Malindi
Sie wenye jamaa Komoro tuna khofu nyengine. Mei 2018 Maore, yaani Mayotte, ilianza kutetemeka kila siku, watu wanalala nje, hawajui nini. Mwaka uliofuata meli ya utafiti ya Wafaransa ikakuta mlima mpya wa volkeno chini ya bahari, kama kilomita 50 mashariki ya kisiwa, urefu wa mita mia nane hivi kutoka sakafuni, mwanzo haukuwepo! Kisiwa chenyewe kilizama sentimita kadhaa na kusogea. Na volkeno zinaleta tsunami, Krakatau Agosti 1883 iliua zaidi ya watu 36,000 na wengi wao kwa maji, mtoto wake Anak Krakatau Disemba 2018 ubavu ukaporomoka usiku wakafa zaidi ya mia nne bila tetemeko la kuwaamsha. Sasa Maore na Pemba ni wapi na wapi? Halafu Ngazija tuna volkeno yetu ya Karthala.

#27 Chachandu
Ya Rabi. Nilikuja uzi huu kusoma kuhusu mwamba sasa nna volkeno.

#28 Mchungaji Ng'ombe
Na maporomoko ya chini ya bahari msiyasahau, Papua New Guinea 17 Julai 1998 tetemeko lilikuwa 7 tuu, wimbi lililokuja halikulingana nalo, zaidi ya watu 2,000 wamekwenda, ikaja kuonekana udongo wa chini ya bahari uliteleza. Mashariki ya Pemba ukitoka mwambani kidogo tuu bahari inakatika kwenda chini. Kuna mtu kachunguza mteremko ule?

#29 Mtumbatu
Hamna haja ya kwenda Papua. Pangani, ng'ambo hapo tuu ya Mkokotoni, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichimba kijiji cha zamani cha wavuvi, chini wakakuta tabaka la mchanga wenye vitu vya baharini na ndani yake mifupa ya watu iliyotawanyika, si waliozikwa kwa taratibu. Umri wake miaka kama 1,000. Walitangaza 2020 kuwa ni tsunami, na hesabu zao zikaonyesha huenda ilitoka Sumatra. Miaka elfu nyuma Unguja kulikuwa na watu, Unguja Ukuu, Pemba huko. Kama Pangani ilifunikwa sisi tulifanywaje? Kwa hiyo Mkojani mwamba ulikuwepo wakati ule pia.

#30 Mkojani
Mwamba wa Pangani si wa Kojani. Halafu mara moja kwa miaka elfu? Ndo mama mkwe wa watu aache mwani wake?

#31 Ukuta wa Mwezi
Pangani kuna mto mkubwa, kwanini isiwe mafuriko ya mto? Au kimbunga?

#32 Mtumbatu
Mto hauleti vitu vya baharini, unateremsha vya bara. Kimbunga ndo ningekubali kubishana kidogo.

#33 Bi Mkubwa wa Wete
Mmetaja kimbunga. Kimbunga kikubwa kilichopiga visiwa hivi ni cha Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kilivunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote. Pemba kikatupita. Tokea hapo karafuu ikawa ya Pemba.

#34 Chachandu
Hapo ndo Wapemba mlipopata jeuri.

#35 Bi Mkubwa wa Wete
Jeuri tulikuwa nayo kabla mwanangu, 1872 tuliongezewa karafuu tu.

#36 Kijana wa Darajani
Hahaha chukua hiyo Chachandu. Kweli lakini vimbunga siku hizi ndo vya kuogopa zaidi, Mei 2024 Hidaya kilipofika Mafia boti za Dar zilisimama, watu tumelala bandarini.

#37 Mtu wa Ramani
Maji ya kimbunga na tsunami yasichanganywe, la kimbunga unaliona linakuja siku kadhaa kwenye taarifa ya hali ya hewa. Turudi kwenye mada.

#38 Bint Jambiani
Ndio turudi tafadhali. Sasa kama kweli ikatokea nani anatwambia? 2004 hapakuwa na chochote, Somalia masaa saba yalipita hakuna aliyewaambia.

#39 Mwalimu wa Chwaka
Baada ya 2004 uliundwa mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi chini ya UNESCO. Vituo vya Australia, India na Indonesia vinapima matetemeko na maji, vinapeleka taarifa nchi zote, na kwa Tanzania inapokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Tarehe 5 Novemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kukumbusha watu kuhusu tsunami. Kutoka huko mpaka TMA hakuna shida, ni dakika. Shida ninayoiona mimi ni kutoka ofisini mpaka kwa mama aliye mwambani na simu yake ameiacha nyumbani isilowe.

#40 Bint Jambiani
Hapo umenigusa. Bamvua tunakuwa kilomita nzima kutoka ufukweni, hatusikii chochote ila upepo. Mie nasema vipaza sauti vya misikiti vitumike, na sheha awe na namba moja ya kuaminika, si mtu yeyote na voisi yake.

#41 Abu Nawfal
Hili la misikiti naliunga mkono kwa asilimia mia. Na imamu apewe maneno yaliyoandikwa tayari, asianze kutunga pale pale.

#42 Mngazija wa Malindi
Kuna kisiwa Indonesia kinaitwa Simeulue, karibu kabisa na pale tetemeko lilipoanza. 1907 walipigwa wakafa wengi, waliobaki wakatunga hadithi na nyimbo za kulaza watoto, ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma kimbieni mlimani. Wanaita smong. 2004 wimbi liliwafikia kwa dakika chache, hakuna simu wala redio iliyowahi, kisiwa cha watu kama 78,000 wakafa saba. Saba! Sisi tuna nyimbo za kila kitu, harusi, karafuu, mwani.

#43 Ghorofa ya Michenzani
Mlimani sawa, lakini sie mlima uko wapi? Jambiani, Paje, Bwejuu kote bapa.

#44 Bint Jambiani
Huku ukivuka barabara ya lami ukaingia maweni kuelekea magharibi panapanda kidogo, ila ni mawe makali na vichaka, mtu mzima na mtoto mgongoni hafiki haraka. Hoteli za ghorofa ziko ila lango lina mlinzi.

#45 Mwalimu wa Chwaka
Japani wamekubaliana kabisa na wenye majengo marefu ya zege, alama iko ukutani, siku hiyo mlango ni wa wote. Nguzo imara, ghorofa ya tatu kwenda juu. Hilo sheha na wenye hoteli wanaweza kulizungumza hata wiki ijayo, halihitaji bajeti.

#46 Ghorofa ya Michenzani
Mlinzi atafungua? Mie sina hakika. Labda waandikiane.

#47 Nahodha wa Mkoani
Na wenye vyombo wasikilize. Ukiwa nje baharini ukapata habari usirudi bandarini kuokoa mashua, toka nje zaidi, kina cha mita mia na kuendelea, huko linapita chini yako hulioni. Ukae masaa mengi maana yanakuja zaidi ya moja, Bi Mkubwa kashasema. Ukanda wa Unguja na bara kina ni makumi ya mita tuu, hapo si mahali pa kusubiri. Pemba magharibi kina kiko karibu.

#48 Mkojani
Nahodha hilo nalichukua. Ila mimi nna ngalawa ya tanga, siku ya shwari natoka vipi mpaka mita mia? Kwa kasia?

#49 Nahodha wa Mkoani
Kwa kasia usijaribu. Kama uko ndani ya mwamba acha ngalawa shuka ukimbie, ngalawa inachongwa nyengine.

#50 Mkojani
Nishuke nikimbie nikiwa ndani ya mwamba, ambao nyie mmesema hauzuii kitu?

#51 Mtu wa Ramani
Hakuna aliyesema hauzuii kitu. Unapunguza. Kiasi gani inategemea milango ya mwamba iko wapi, maji yanapenya milangoni kwa kasi kuliko kwengine. Wewe mwenyewe unaijua milango ya Kojani, ipo mingapi?

#52 Mkojani
Mikubwa miwili. Na kijiji kiko mbele ya mmoja wapo. Sasa hapo ndo umeniharibia usiku.